Kuziba Pengo kwa Daraja la Meno: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Waswahili husema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo, na ukiitazama methali hiyo kwa jicho la daktari wa meno utaona kuwa ina ukweli ambao hata kauri na zirkonia (aina ya kauri ngumu sana) za leo hazijaufuta: kitu cha bandia hakisimami chenyewe, bali hubebwa na kilicho hai. Waetruska wa Italia ya kale, zaidi ya miaka 2500 iliyopita, waliyazungushia meno mikanda myembamba ya dhahabu ili jino la bandia lishikwe na majirani zake, na daraja la meno la sasa, pamoja na maabara na mashine zake zote, bado linafuata wazo lile lile. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unayazungumzia zaidi meno yaliyobaki kuliko jino lililotoka. Mgonjwa anayelifikiria pengo peke yake humwuliza daktari bei na rangi. Yule anayeyafikiria meno ya pembeni huuliza maswali yanayoamua kama daraja litakaa miaka 3 au miaka 15.

Daraja limeundwaje

Daraja la kawaida kabisa lina vipande vitatu vilivyounganishwa kuwa kitu kimoja. Vipande viwili vya pembeni ni kofia zinazovalishwa juu ya meno yaliyo kila upande wa pengo, na meno hayo ndiyo nguzo. Kipande cha kati ni jino la bandia lisilo na mzizi, ambalo limeshikwa na kofia hizo na kugusa ufizi kwa wepesi tu. Daraja hugandishwa kwa saruji ya meno na halivuliwi, tofauti na meno ya bandia ya plastiki ambayo mtu huyatoa usiku na kuyaweka kwenye glasi ya maji. Unapotafuna kwa jino la kati, mzigo wote unashuka kwenye mizizi ya nguzo mbili, maana yake ni kwamba meno mawili yanafanya kazi ya matatu kila siku. Jambo hili moja linaeleza karibu kila uamuzi utakaofuata.

Je, pengo lako linahitaji daraja?

Si kila pengo linahitaji kuzibwa, na daktari anayekwambia hivyo hakupotezei muda. Ni kweli kwamba jino likitoka, majirani zake wanaweza kuinama kuelekea pengo, jino la taya la pili lililokuwa likikutana nalo linaweza kushuka au kupanda taratibu kwa kukosa kizuizi, na mfupa wa taya mahali pale hupungua, hasa katika mwaka wa kwanza. Hata hivyo mabadiliko hayo hayampati kila mtu kwa kiasi kile kile. Utafiti uliofanywa Tanzania na wataalamu wa nchini pamoja na wenzao wa Uholanzi, ukachapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba watu waliobaki na magego madogo yote na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana wanatafuna vya kutosha. Kwa hiyo aliyepoteza gego la mwisho kabisa, ambalo halionekani anapocheka wala halimzuii kutafuna nyama, anaweza kuliacha pengo hilo lilivyo na kutumia fedha zake kuyatibu meno mengine.

Pengo la mbele ni habari nyingine, kwa kuwa linagusa matamshi, sura na heshima ya mtu mbele za watu. Pengo la kati kwenye magego, lenye meno pande zote mbili, nalo linastahili kufikiriwa mapema kabla majirani hawajainama, kwa sababu daraja haliwezi kuvalishwa kwenye nguzo mbili zinazoelekea pande tofauti bila kuchonga jino kupita kiasi.

Njia mbadala ni mbili. Meno ya bandia ya kuvua ni nafuu, hayahitaji kuchonga jino lolote kwa kiasi kikubwa na yanafaa kwa mapengo mengi au marefu, lakini hutikisika na huchosha fizi. Kipandikizi, yaani skrubu ya titani inayopandwa ndani ya mfupa na kuvalishwa kofia, hakitegemei jirani yeyote. Kinahitaji mfupa wa kutosha, upasuaji mdogo, miezi kadhaa ya kusubiri na fedha nyingi zaidi. Maoni yangu ni haya: kama meno ya pande zote mbili za pengo ni mazima kabisa na uwezo wa fedha upo, kipandikizi au daraja la kubandika, ambalo nitalieleza hapa chini, vifikiriwe kabla ya kuchonga meno mazima mawili kwa ajili ya moja lililokufa. Kama majirani hao tayari wana vizibo vikubwa au wamevunjika pembe, kuwavalisha kofia ni kuwasaidia, na daraja la kawaida linakuwa uamuzi wa busara.

Hatua ya kwanza: kuzichunguza nguzo

Katika ziara ya kwanza daktari hapaswi kushika mashine ya kuchongea. Kazi ya siku hiyo ni kupima. Atapiga eksirei ya kila jino linalotarajiwa kuwa nguzo, ili aone urefu wa mzizi, mfupa unaouzunguka, uozo uliojificha chini ya vizibo vya zamani na kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi kinachoashiria maambukizi. Atapitisha kifaa chembamba chenye alama za milimita kati ya jino na ufizi. Kina cha milimita 1 hadi 3 ni cha kawaida, ilhali kina kikubwa zaidi, hasa kikiambatana na damu, kinaonyesha ugonjwa wa fizi ambao lazima utibiwe kwanza. Atalitikisa jino, ataligonga, na atalipima kwa kitu baridi ili ajue kama neva yake ingali hai.

Baada ya hapo huja hesabu ya mzigo. Kanuni ya Ante ya mwaka 1926 inasema kwamba jumla ya eneo la mizizi ya nguzo, lile lililozama ndani ya mfupa, isipungue eneo la mizizi ya meno yanayozibiwa pengo. Leo madaktari wanaitumia kama mwongozo na si kama sheria, kwa maana nguzo zenye mfupa uliopungua lakini usio na ugonjwa zimeonekana kubeba madaraja kwa miaka mingi, lakini kwa mgonjwa kanuni hiyo ni kipimo kizuri cha akili ya kawaida. Jino moja lililokosekana kati ya mawili yenye mizizi mirefu halina shida. Magego makubwa mawili yaliyokosekana pamoja ni mzigo wa kutilia shaka. Magego matatu yaliyokosekana mfululizo hayazibwi kwa daraja la kuegemea meno, na anayekuahidi hivyo anakuuzia matatizo.

Umbo la taya nalo lina neno. Pengo la meno manne ya mbele ya taya la chini huzibwa vizuri kwa daraja linalotoka chonge hadi chonge, kwa sababu meno yale manne ni madogo na chonge ina mzizi mrefu kuliko jino lolote la mbele. Lakini chonge yenyewe ikikosekana mambo hugeuka: iko kwenye kona ya taya, mzigo wake husukuma kwa pembeni, na majirani zake ni dhaifu kuliko yenyewe. Hapa Afrika Mashariki suala hili si la vitabuni. Katika jamii za Wamasai ilikuwa desturi kung'oa meno mawili ya katikati ya taya la chini, na kwa Wajaluo meno sita. Pengo la mawili, lenye majirani wazima, lina tiba nyepesi. Pengo la sita limechukua na chonge zote mbili, kwa hiyo daraja lingelazimika kupinda kutoka gego dogo hadi gego dogo na kuzing'ang'ania nguzo zake kwa nguvu ya wenzo, na mara nyingi meno ya kuvua au vipandikizi ndiyo jibu la uaminifu. Vivyo hivyo wapo watu wazima waliokosa chonge kwa sababu walipokuwa wachanga machipukizi ya meno yao yaling'olewa kwa imani ya kwamba ni "meno ya plastiki" au "ya nailoni" yanayoleta homa na kuharisha. Hao wanahitaji mpango wa mtaalamu, si daraja la haraka haraka.

Mweleze daktari hali yako ya kiafya bila kuficha. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu fizi na mfupa unaoshika nguzo. Dawa za kuzuia damu kuganda, valvu ya bandia ya moyo na mzio wa dawa za ganzi ni mambo anayopaswa kuyajua kabla ya sindano. Anayepaswa kujua pia kama unasaga meno usingizini ni yeye yule. Mwenzi wako wa chumba huenda analijua hilo kuliko wewe. Mzio wa nikeli, ambao watu wengi huugundua kwa hereni au saa za bei nafuu zinazowawasha ngozi, ni sababu ya kuuliza daraja litatengenezwa kwa madini gani. Kijana ambaye hajatimiza umri wa utu uzima kwa kawaida hushauriwa kusubiri na kuvaa kitu cha muda, kwani chumba cha neva ndani ya jino lake bado ni kikubwa na mashine ya kuchonga inaweza kukifikia, tena taya zake bado zinakua.

Hatua ya pili: kuchagua aina na malighafi

Daraja la kawaida, lenye kofia pande zote mbili, ndilo imara zaidi kwenye magego. Daraja la mkono mmoja linashikwa na nguzo ya upande mmoja tu. Linafaa mbele, ambako mzigo ni mdogo, na halifai nyuma, ambako jino linaloning'inia hugeuka wenzo wa kuing'oa nguzo yake. Aina ya tatu ni daraja la kubandika, ambalo jino lake la bandia lina bawa jembamba la chuma au zirkonia linalobandikwa kwa gundi nyuma ya jino la jirani. Lilisitawishwa katika Chuo Kikuu cha Maryland nchini Marekani, na sifa yake kubwa ni kwamba jirani hachongwi, au anachongwa kidogo sana. Kasoro yake ni kubanduka, ingawa likibanduka bila kuvunjika linaweza kubandikwa tena. Kwa kijana aliyepoteza jino moja la mbele kwa ajali ya pikipiki, akiwa na meno mengine mazima, ningeanza na hilo. Tahadhari moja: kwa waliokulia Arusha, Meru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa zenye floraidi nyingi katika maji, tabaka la nje la jino lililobadilika kuwa la kahawia halishikani vizuri na gundi, na daktari anapaswa kulizingatia hilo kabla ya kuahidi.

Kuhusu malighafi, kauri iliyopakwa juu ya chuma imetumika kwa muda mrefu na inaaminika. Udhaifu wake ni kauri kumeguka na mstari wa kijivu kujitokeza karibu na ufizi baada ya miaka. Zirkonia haina chuma, ni ngumu mno, inahitaji kuchonga jino kwa kiasi kidogo zaidi, na ndiyo inayopendwa sasa kwenye maabara zenye mashine za kompyuta. Chuma kitupu, kiwe dhahabu au mchanganyiko mwingine, hakipendezi macho lakini ndicho kinachohitaji kuchonga kidogo na kisichomeguka. Kwa gego la nyuma kabisa lisiloonekana ni chaguo ambalo wagonjwa hulidharau bila sababu. Plastiki ni ya daraja la muda tu. Ukitajiwa daraja la kudumu kwa bei ya ajabu, uliza ni la nini.

Hatua ya tatu: kulitayarisha kinywa

Kabla ya kuchonga, kinywa kizima kisafishwe: ukoga uliogandama ukwanguliwe, meno yaliyotoboka yazibwe, mizizi yenye maambukizi itibiwe, na fizi zipewe wiki kadhaa zipone na kuacha kutoa damu. Fizi iliyovimba siku ya kuchukua vipimo itanywea baadaye na kuuacha ukingo wa kofia ukionekana, au itavuja damu na kuviharibu vipimo vyenyewe. Kama jino limeng'olewa karibuni, subira ya takriban miezi 3 kabla ya daraja la kudumu ni ya kawaida, kwa sababu ufizi na mfupa vinashuka na daraja lililotengenezwa mapema litabaki likielea juu ya uwazi unaokusanya chakula. Katika muda huo daktari anaweza kukupa jino la muda la kuvua au daraja la plastiki, hasa kama pengo liko mbele.

Huu pia ndio wakati wa kuomba mpango kwa maandishi, wenye idadi ya vipande, malighafi, gharama ya kila kipande, gharama ya matibabu ya mizizi kama itahitajika, na muda ambao daktari atalirekebisha daraja bila malipo. Daraja la vipande vitatu hulipiwa kofia tatu, si jino moja, na wengi hushtuka wakilijua hilo wakiwa tayari wamechongwa. Mwenye bima aulize kwa maandishi kama meno ya kudumu ya bandia yamo, maana kung'oa na kuziba kukilipiwa haimaanishi kwamba daraja nalo linalipiwa. Hakikisha pia kwamba anayekuhudumia ana usajili wa baraza la madaktari la nchi yako. Kuna mafundi wa mitaani wanaomimina plastiki laini katikati ya pengo na kuiacha igande ikiwa imekumbatia meno ya pembeni. Kazi hiyo huisha mchana mmoja na hugharimu kidogo, lakini haiwezi kusafishwa chini yake, na mwenye nayo hurudi akiwa na mapengo matatu badala ya moja.

Hatua ya nne: siku ya kuchonga

Rangi ichaguliwe mwanzo kabisa wa ziara, kabla ya ganzi na kabla mdomo haujakaa wazi, kwa kuwa jino lililokauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Chagua karibu na dirisha, kwa mwanga wa mchana, na ukitaka mpeleke mtu unayemwamini macho yake. Mwenye madoa ya floraidi aombe meno yake yapigwe picha na picha zitumwe maabara pamoja na namba ya rangi, kwani jino moja jeupe kama karatasi katikati ya meno ya kahawia hujitangaza kuwa la bandia.

Kisha huja sindano ya ganzi. Daktari hupunguza kila nguzo pande zote, kwa kawaida milimita 1 hadi 1.5 kwa kauri juu ya chuma na hadi milimita 2 sehemu ya kutafunia, akihakikisha kwamba nguzo zote zinaelekea upande mmoja ili daraja lipite bila kukwama. Tendo hili halirudi nyuma. Jino lililochongwa litahitaji kofia maisha yake yote, na ndiyo maana hatua zilizotangulia zimechukua nafasi kubwa katika mwongozo huu. Maji yanapaswa kumwagika mfululizo kutoka kwenye mashine, kwa kuwa joto huua neva. Hata kazi nzuri ina hatari yake: takriban nguzo moja kati ya kumi hupoteza uhai wa neva ndani ya miaka 10, na huhitaji matibabu ya mzizi.

Baada ya kuchonga, uzi mwembamba husukumwa kati ya jino na ufizi ili ukingo uonekane, halafu chapa ya meno huchukuliwa kwa silikoni au kwa skana ndogo inayopitishwa mdomoni. Silikoni hukaa dakika chache. Pumua kwa pua na uinamishe kichwa mbele kidogo kama unahisi kichefuchefu. Chapa ya taya la pili na namna meno yanavyokutana huchukuliwa pia. Usiondoke bila daraja la muda. Nguzo zilizoachwa wazi huuma, na huweza kusogea ndani ya siku chache kiasi cha kulikataa daraja likija kutoka maabara.

Hatua ya tano: wiki za daraja la muda

Daraja la muda hugandishwa kwa saruji dhaifu makusudi, ili litolewe kwa urahisi. Mara nyingi saruji hiyo ni mchanganyiko wa oksidi ya zinki na yujenoli, mafuta yale yale yanayoipa karafuu ya Unguja na Pemba harufu yake, na ndiyo sababu kiti cha daktari wa meno humkumbusha mtu wa visiwani ghala la karafuu. Maabara kwa kawaida huchukua wiki moja hadi tatu. Katika muda huo tafuna upande wa pili, achana na bigijii, kashata, miwa na mifupa, na wenye kutafuna miraa wajue kwamba bigijii inayoambatana nayo ndiyo inayoling'oa daraja la muda kuliko kitu kingine. Piga mswaki kama kawaida. Uzi wa meno uutoe kwa kuuvuta kando, si kwenda juu, usije ukalinyanyua daraja. Maumivu ya kustuka kwa baridi yanategemewa, lakini maumivu yanayopigapiga usiku na kukunyima usingizi mweleze daktari kabla daraja la kudumu halijagandishwa, kwa sababu kutibu mzizi baadaye kutamlazimu alitoboe.

Hatua ya sita: kulijaribu kabla ya kukubali

Hapa ndipo wagonjwa wengi hukosea kwa haya na adabu. Daraja linajaribiwa bila saruji kwanza, na una haki ya kioo, muda na maoni. Daktari atapitisha ncha ya kifaa kwenye ukingo wa kila kofia. Kusiwe na ngazi wala uwazi, maana ndiko uozo utakakoingilia. Uzi upite kwa kubana kidogo kati ya daraja na meno ya jirani. Jino la kati liguse ufizi bila kuukandamiza mpaka ukawa mweupe, na sehemu yake ya chini iwe imebinuka kwa nje, isiwe na shimo, ili iweze kusafishwa. Kisha utang'ata karatasi ya rangi, na alama zitaonyesha mahali daraja linapotangulia meno mengine.

Ukiwa na ganzi huwezi kuhisi vizuri mng'ato, kwa hiyo kama nguzo zinavumilia, omba jaribio lifanyike bila sindano. Sema maneno yenye "f" na "s", tabasamu, hesabu hadi ishirini. Ukiona rangi haifanani au jino ni refu, sema sasa. Kurudisha daraja maabara wiki moja zaidi ni usumbufu mdogo, ilhali daraja lililogandishwa huondolewa kwa kukatwa.

Hatua ya saba: kugandisha

Nguzo husafishwa na kukaushwa, na daraja hujazwa saruji na kusukumwa mahali pake huku ukiwa umeng'ata pamba. Mabaki yote ya saruji lazima yaondolewe, hasa chini ya jino la kati na pembezoni mwa ufizi, kwa sababu kipande kidogo kilichobaki huchokoza ufizi kwa miezi. Kula chakula laini siku hiyo. Ukilihisi daraja kuwa refu baada ya siku mbili au tatu, rudi lisuguliwe. Usisubiri ulizoee, kwani unalolizoea linaweza kuwa linaupiga mzizi kila unapofunga mdomo.

Kulitunza kila siku

Kauri haiozi, lakini jino lililo chini yake huoza, na huoza bila kuonekana. Mswaki mara mbili kwa siku na dawa yenye floraidi ni wa lazima, ukiuelekeza zaidi kwenye mstari ambapo kofia inakutana na ufizi. Mswaki wa mti unasafisha vyema nyuso za meno, lakini haufiki chini ya daraja. Kule kunahitaji uzi wenye ncha ngumu, au uzi wa kawaida uliopitishwa kwenye kitanzi cha plastiki kinachofanana na sindano ya kushonea. Simama mbele ya kioo, ingiza ncha kutoka nje karibu na nguzo ya kwanza, ipitishe chini ya jino la kati mpaka itokee upande wa ulimi, kisha uuvute uzi huku na huku ukisugua tumbo la jino la bandia na ubavu wa nguzo. Hamia nguzo ya pili, halafu utoe uzi kwa kuuvuta kando. Mara ya kwanza utatumia dakika kumi na kukasirika, na baada ya wiki mbili itakuwa kazi ya dakika moja. Kama nafasi ni pana, kijiburashi chembamba hufanya kazi hiyo kwa haraka zaidi. Damu katika siku za mwanzo si sababu ya kuacha.

Rudi kwa daktari kila baada ya miezi 6, na eksirei ya nguzo irudiwe kwa kadiri atakavyoona. Anayesaga meno usiku atengenezewe kinga ya plastiki ya kulalia. Tumbaku na ugoro hupunguza mfupa wa nguzo, na hakuna uzi wa meno unaoweza kuufidia. Kwa utunzaji wa namna hii madaraja takriban tisa kati ya kumi ya kawaida huwa yangali mdomoni baada ya miaka 10.

Linapoanza kushindwa

Dalili mbaya kuliko zote ni ile isiyouma: nguzo moja imeachia saruji huku ya pili ikiwa bado imeshika, kwa hiyo daraja halidondoki, na mate yanaingia na kutoka chini ya kofia kila unapotafuna. Bonyeza daraja kwa kidole mbele ya kioo. Ukiona mapovu kwenye ukingo, au ukihisi ladha na harufu mbaya upande mmoja tu, nenda kwa daktari wiki hiyo hiyo, kwa sababu nguzo iliyo katika hali hiyo inaweza kuoza kabisa ndani ya miezi michache. Ufizi unaovimba mara kwa mara sehemu moja, kipele chenye usaha na maumivu makali ya kung'ata yanaweza kumaanisha maambukizi au mzizi uliopasuka. Kauri iliyomeguka kidogo, kwa upande mwingine, inaweza kusuguliwa au kuzibwa mdomoni bila kuondoa daraja.

Daraja likitoka lote, lioshe, lifunge kwenye kikopo kidogo na uende nalo hata kama limevunjika, kwa maana daktari anaweza kuligandisha tena au kulitumia kama la muda. Usilibandike mwenyewe kwa gundi ya viatu wala ya plastiki. Gundi hizo huchoma ufizi, hulikaza daraja likiwa limepinda, na huharibu uso wa ndani ambao saruji ingeshika. Usilale nalo likiwa limelegea, usije ukalivuta kooni. Lifanye jambo la siku mbili tatu, si la mwisho wa mwezi, kwa kuwa nguzo zilizochongwa zikikaa wazi husogea, na daraja lililokuwa likiingia jana halitaingia tena.